DARASA LA NYUMBANI: Siku tulipompeleka kitinda mimba kupimwa

  

Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na mambo ya hesabu. Hesabu itangoja kidogo. Mama mmoja wa Rubondo alitusimamisha kwenye bomba la maji akatuuliza swali ambalo wengi wenu mmekuwa mkituuliza: "Ninyi mnafundisha watoto nyumbani, ni vizuri. Lakini siku mtoto anataka kuingia shule, ataingilia wapi? Ataonyesha karatasi gani?" Siku ile hatukumjibu vizuri, maana jerikani zilikuwa zimejaa na watu nyuma yetu walikuwa wanapiga kelele. Tunamjibu leo. Jibu lenyewe ni yale yaliyotupata Februari 2025 na kitinda mimba wetu.

Kwa wale ambao ndiyo kwanza wanafungua ukurasa huu: sisi ni baba na mama wa watoto wanne, tulitoka Rutshuru mwishoni mwa 2018. Baba ni fundi cherehani. Mama alikuwa mwalimu wa primeri kule nyumbani, alifundisha kwa Kifaransa na Kiswahili. Tulipofika hapa Nakivale mkubwa wetu, msichana, alikuwa na miaka kumi na amemaliza mwaka wa nne. Lakini hapa masomo ni ya Kiingereza, kwa hiyo mwaka 2019 akawekwa P3, akakaa na watoto wadogo kwake, magoti yanagonga deski. Hakulalamika. Ila jioni alikuwa anarudi na kuketi nyuma ya nyumba bila kusema neno.

Kusema kweli hatukuamka siku moja tukaamua eti sasa tunafundisha nyumbani. Ndugu yetu aliyehamishiwa Marekani anatuambia kwamba kule kuna familia nyingi zinazochagua hivyo, na sheria inaruhusu katika majimbo yote 50, ingawa kila jimbo lina masharti yake. Sisi hatukuchagua. Tarehe 20 Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona. Madarasa ya mtihani yakaitwa Oktoba ya mwaka ule, mengine yakarudi kwa zamu mwanzoni mwa 2021, halafu Juni 2021 kufuli tena. Mlango ulifunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. Watoto karibu milioni 15 wa nchi nzima walikuwa nyumbani, na wanne kati yao walikuwa kwetu, chumba kimoja na veranda.

Basi tulianza na ubao. Baba alipata mbao mbili, akazipigilia, tukapaka mkaa uliosagwa na kukorogwa na uji wa muhogo. Chaki ikawa kipande cha muhogo mkavu. Mtu asitucheke, inaandika vizuri kabisa, shida yake ni moja tu: wanafunzi wanaila.

Ratiba yetu ilikuwa rahisi. Alfajiri maji, kisha uji kama upo, saa tatu masomo, saa tano kila mtu anakwenda kwenye kazi yake. Saa mbili tu kwa siku. Wengine walituambia hazitoshi. Lakini hesabuni wenyewe: mama mmoja na watoto wanne kwa saa mbili, kila mmoja anaonekana, kila mmoja anasoma kwa sauti, hakuna wa kujificha nyuma. Kiingereza kilikuwa kazi ya mkubwa wetu, maana ndiye alikuwa amekionja shuleni. Alisikiliza masomo ya redio kwa jirani (betri tulichangiana), na tulipata nakala moja ya vijitabu vya kujisomea vilivyotolewa na serikali, vya P4, imeshapita nyumba sita kabla ya kutufikia, ukurasa wa kwanza hauna. Alichojifunza asubuhi, mchana anawafundisha wadogo zake. Hapo ndipo tuliona jambo ambalo mama, pamoja na ualimu wake wote, hakuwa amelitilia maanani: yule anayefundisha ndiye anayeshika zaidi. Nyumba yetu ikawa na Kifaransa cha mama, Kiingereza cha ubao, na Kiswahili cha kugombana.

Asilimia tulifundisha kwa punje kumi za mahindi. Aprili 2020 rasheni ilikatwa asilimia 30, basi tukatandika punje kumi mkekani, tukaondoa tatu. Februari 2021 mkato ukafika asilimia 40, tukaondoa nyingine moja. Zikabaki sita. Mtoto wetu wa tatu akatazama zile sita, akauliza: "Na mwaka ujao tutatoa ngapi?" Tukasema somo limekwisha, nendeni mkacheze.

Shule zilipofunguliwa 2022, watatu wakubwa walirudi. Mkubwa akaingia P5. Huyu wa mwisho alikuwa na miaka mitano. Tulikaa usiku mzima tukipiga hesabu. Shule iko mbali, ni mwendo wa saa nzima kwa miguu ya mtoto, na kipindi cha mvua njia inakuwa matope hadi magotini. Mchango wa kila muhula, sare, kaye (ndiyo daftari, wenzetu wa hapa wanaita kitabu), biki, vyote mara nne. Tulikuwa na pesa ya watatu. Tukasema: huyu ni mdogo, atasoma nyumbani mwaka mmoja. Mwaka mmoja ukazaa wa pili, wa pili ukazaa wa tatu. Hilo ndilo kosa letu na tunaliandika waziwazi, maana kuna wazazi wanaosoma ukurasa huu wanaosema sasa hivi "mwaka mmoja tu".

Si kwamba hakusoma. Alisoma sana. Alijua kusoma Kiswahili kabla hajang'oka meno ya mbele. Tulijua siku aliposoma peke yake maandishi kwenye gunia la unga, akatuuliza kwa nini limeandikwa haliuzwi na mama ameliona sokoni likiuzwa. Kupima alijifunza kwa tepu ya baba, upande huu sentimita, upande ule inchi. Dada yake kila akirudi shuleni alimfundisha yale ya siku ile, akasahihisha kaye zake kwa biki nyekundu, akaweka tarehe. Hata muhuri alichonga, kwa kiazi kitamu, akapaka wino wa biki iliyovuja. Muhuri ule ulikuwa na nyota katikati. Kaye zilifika kumi na moja.

Kilichotuamsha ni mtihani wa dada. Novemba 2024 aliketi PLE, masomo yale manne: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Wakati wa kuandikishwa ndipo tulielewa vizuri kwamba mtoto hawezi tu kutokea nyumbani akakaa mtihani ule. Lazima aandikishwe kupitia kituo, yaani shule inayotambuliwa na UNEB. Unaweza kumfundisha nyumbani hadi ajue kila kitu, lakini mwishoni karatasi inapita mlango wa shule. Tukaangaliana. Huyu mdogo ana miaka minane na hakuna shule hata moja nchini inayojua kwamba yupo.

Kwa hiyo Februari 2025, wiki ya kwanza ya muhula, tulimpeleka wote wawili, na dada yake akaja kama mkalimani. Tulibeba karatasi ya familia ya OPM ambayo jina lake limo, kadi ya chanjo, na kaye kumi na moja kwenye mfuko wa nailoni. Tulitaka P4. Sisi tulijiamini kabisa. Mmoja wetu (hatutasema nani) alikuwa ameshamwambia jirani kwamba mtoto anaingia P4.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole lakini amechoka, nje ya ofisi yake wazazi walikuwa wengi kama siku ya mgao. Neno lake la kwanza: ripoti iko wapi? Tukamwambia hakuna ripoti, amesoma nyumbani. Akaweka biki chini. Tukamwaga kaye mezani. Alifungua ya kwanza kwa ajili ya heshima tu, tuliona. Ya pili akaifungua taratibu zaidi. Ya tatu akauliza: "Huyu mwalimu aliyesahihisha ni nani? Na huu muhuri ni wa shule gani?" Dada mtu akainamisha kichwa, akasema ni wa kiazi. Mzee yule alicheka hadi mwalimu wa ofisi ya pili akachungulia.

Lakini kucheka si kuandikisha. Akasema mtoto lazima apimwe, akampa karatasi na kumkalisha pembeni, sisi tukatolewa nje.

Kusoma alisoma vizuri. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha, sawa. Kwenye vipimo alimshangaza mwalimu, aliulizwa sentimita akajibu na inchi juu yake. Lakini swali la kwanza la hesabu lilikuwa la seti, vile viduara vyenye vitu ndani, na neno lile hakuwahi kulisikia. Hapa Uganda hesabu ya madarasa haya inaanza na seti. Kule kwetu mama hakufundisha hivyo, na dada naye alidhani mdogo wake hatahitaji mpaka awe mkubwa. Imla ya Kiingereza alichelewa, neno la tatu linasomwa yeye bado anapamba la kwanza, maana nyumbani tulikuwa tunamngoja. Na kwenye maarifa ya jamii aliulizwa aandike jina la wilaya yake.

Akaandika Rutshuru.

Mwalimu mkuu alituonyesha karatasi, ameweka mkasi mwekundu juu ya neno lile. Jibu lilikuwa Isingiro. Mtoto huyu alitoka Rutshuru mgongoni mwa mama ana miaka miwili. Hakumbuki hata mlango wa nyumba ile. Lakini kila jioni tulikuwa tunamwambia: kwenu ni Rutshuru, mlima ule unaitwa hivi, mto ule unaitwa hivi, ukiulizwa useme. Basi ameulizwa akasema. Hatukujua kama tucheke au tufanye nini. Baba alitaka kubishana, akaanza kwa Kiswahili, halafu Kifaransa, mkubwa wetu akakataa kutafsiri baadhi ya maneno. Mama akamshika mkono. Mwalimu mkuu naye akasema jambo ambalo tumelifikiria sana tangu siku ile: hakukosea kwenu, amekosea swali. Somo la P4 linaanza na wilaya hii anayoishi, mito yake, majirani zake, na mtoto asiyeijua atabaki nyuma mwaka mzima.

Akaandikishwa P3.

Tulirudi nyumbani bila kuongea. Baba alikuwa na hasira na shule. Mama alikuwa na hasira na sisi wenyewe. Tulikumbuka mkubwa na magoti yake kwenye deski, tukaona tumerudia yale yale kwa mikono yetu. Lakini yule mwenyewe mwenye kesi alikuwa mbele anaruka madimbwi. Akageuka akauliza: "Ku P3 kuko mpira?" Dada yake akamwambia kuko. Akasema basi ni sawa.

Sasa sikieni ya siku ya kwanza. Karibu saa sita mama yuko anapepeta maharage, anainua macho, mtoto huyu hapa, mfuko mgongoni. Akashtuka: umefukuzwa? Umeumwa? "Hapana mama. Saa tano ilifika, nikarudi." Miaka mitatu masomo yake yalikwisha saa tano, basi saa tano ilipokaribia yeye alifunga kaye, akasimama, akamwaga mwalimu kwa adabu kutoka nyuma ya darasa na kutoka nje. Watoto zaidi ya mia moja mle ndani, hakuna aliyemsikia. Tulicheka wiki nzima na majirani wakacheka. Lakini usiku, watoto wamelala, tulikumbuka kwamba mtoto wa miaka minane alitembea njia ile yote peke yake, na kule alikotoka hakuna aliyejua kwamba hayupo.

Mengine yalikuwa madogo. Alijibu maswali akiwa amekaa, kwa sababu nyumbani husimami kumjibu mama yako. Mwalimu alimwita "mama" mara mbili, darasa zima likamcheka, mara ya tatu hakujibu tena swali lolote kwa siku nne. Alikuwa hajui kupanga mstari. Alikuwa hajui kwamba ukiacha penseli mezani ukageuka, penseli inakwenda. Haya hayamo kwenye kitabu chochote na sisi hatukufikiria kuyafundisha.

Kwa hiyo mama wa Rubondo, jibu letu ndilo hili. Weka tarehe kwenye kila kaye, na usitupe hata moja, hata iliyoliwa na panya. Zetu kumi na moja hazikumpa P4 lakini zilimzuia kuanza P1, maana mwanzoni huko ndiko walikotaka kumpeleka. Karatasi ya familia hakikisha jina la mtoto limo na limeandikwa sawa. Nenda mwanzo wa muhula wa kwanza, usingoje wa pili. Kabla ya hapo muombe mwalimu yeyote wa darasa unalolitaka akuonyeshe tu vichwa vya masomo ya muhula, ukavinakili. Sisi tungefanya hivyo, seti ingefundishika kwa siku mbili kwa vifungo vya baba. Imla isomwe kwa mwendo wa shule bila huruma. Na mfundishe wilaya mbili, ile aliyozaliwa na hii anayolala.

Kama mtoto wako amepita miaka kumi na hajaingia shule au aliacha, usimlazimishe kukaa na watoto wa P1. Uliza masomo ya AEP kwenye zoni yako. Ni ya vijana wa miaka 10 hadi 18, primeri yote imebanwa katika ngazi tatu: ya kwanza ni P1 hadi P3, ya pili P4 na P5, ya tatu P6 na P7, kisha anaweza kukaa PLE kama wengine. Sisi mkubwa wetu alipofika hatukujua kwamba kuna mambo kama hayo, na hakuna aliyetuambia. Ndiyo maana tunaandika.

Muhula wa kwanza ulipokwisha Mei alileta ripoti. Alikuwa wa 31 katika watoto 118. Kiingereza chekundu, hesabu nzuri, maoni ya mwalimu: anaongea kidogo. Ilikuwa karatasi ya kwanza yenye jina lake ambayo haikutoka kwa OPM wala kliniki, akatembea nayo nyumba kwa nyumba mpaka pembe zikakunjika. Dada yake aliichukua, akaigeuza kwenye mwanga kuangalia muhuri wa shule kwa makini sana, akasema wa kwake wa kiazi ulikuwa unasomeka zaidi. Ni kweli, ulikuwa unasomeka zaidi.

Darasa la veranda halijafungwa. Linafanyika Jumamosi, saa tatu hadi saa tano, na sasa watoto watatu wa jirani wamejiunga, mmoja anakuja na kiti chake. Anayetaka kuja aje, ila aache kula chaki.

Mwezi ujao tutarudi kwenye hesabu tuliyoahidi: jinsi ya kufundisha mafungu kwa chapati moja na watoto sita bila vita. Walio na njia yao watuletee pale kwenye cherehani.